Mnanaa wa Nyuma ya Kambi

Kolwezi, kambi ya wafanyakazi, safu ya nane
10 Februari 1957

Yaya Mwanvua,

Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilianza na salamu za kitabu cha shule, na wewe ungecheka. Basi nakuamkia hivi hivi, dada yangu mkubwa: huko Mutshatsha mumeamkaje? Sisi tuko wazima, Tata, Mama na mtoto Kazadi, ambaye sasa anakaa bila kushikwa.

Tangu baba yako ahamishe duka, sina mtu wa kuzungumza naye. Darasani Mama Godelive, yule mtawa wetu, akiuliza swali, wewe ulikuwa unajibu la kwako na la kwangu. Sasa shule imekwisha, na msichana aliyemaliza shule hapa kambini hana pa kwenda. Nafagia, nateka maji, natazama lango. Tata amekwisha kumwambia mlinzi asinipitishe bila Mama.

Lakini nina habari. Mama Godelive alikuja nyumbani mwenyewe, na viatu vyake vyeupe katika tope lote lile. Alileta karatasi ya shule ya wakunga wasaidizi ya Elisabethville. Wanataka wasichana wawili kutoka Kolwezi, na mmoja ni mimi. Nilitaka kutia saini papo hapo. Akacheka, akasema saini yangu haitoshi, lazima iwe ya Tata, na karatasi irudi kwake kabla Mei haijaisha. Tata aliishika kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na kitabu chake cha kazi. Bado imo.

Unga wetu wa mnanaa wa kupaka usoni umekwisha. Mama Kanku wa nyumba ya pili ameuulizia mara tatu. Na mimi mwenyewe unaujua uso wangu. Kabla hujanifundisha kupaka mnanaa nilikuwa nikizungumza na watu huku natazama miguu yao. Chunusi zimeanza kurudi, nami sitaki kurudi kwenye miguu. Tafadhali nitumie majani.

Jambo jingine dogo: kapita anayesimamia kikosi cha Tata, yule Tshibangu aliyefiwa na mke mwaka jana, amekuja jioni mbili kuzungumza na Tata habari ya mvua. Mimi nilikaa jikoni.

Mdogo wako,
Kabedi

*

Mutshatsha
24 Februari 1957

Kabedi mdogo wangu,

Salaam aleikum, wewe wa jikoni. Mwanaume mzima hatembei jioni mbili kwa ajili ya mvua, na mvua yenyewe inamnyeshea njiani. Fungua macho.

Majani nimempa mtu wa treni anayejuana na Baba. Hapa mto uko nyuma ya bohari la mkaa, na mnanaa-pori umejaa kando yake hivi kwamba ukiukanyaga asubuhi, viatu vinanukia mpaka jioni. Naenda kila siku kabla jua halijawa kali. Wafanyabiashara wa mkaa wananiita Bibi Majani. Waache waite.

Usiharibu kazi kwa haraka. Anika kivulini siku tano, kamwe si juani. Toa vijiti vyote. Kinu kisiwe kimewahi kutwanga pilipili, la sivyo Mama Kanku atakuja kukulilia mlangoni. Chekecha kwa kitambaa, si kwa kichujio cha unga wa mhogo. Halafu vijiko viwili vya mnanaa kwa kimoja cha pemba, ule udongo mweupe. Na kabla hujaupaka usoni, fanya kama Shangazi Nuru alivyotufundisha: paka kidogo nyuma ya mkono, ngoja. Baridi inakuja kwanza, harufu inafuata. Kama baridi haikuja, si mnanaa huo, mpe mbuzi.

Na usisahau tulichoapa chini ya kamba ya nguo za watawa. Hakuna atakayeolewa mpaka bati letu la kwanza la unga wa kuuza liandikwe majina yetu mawili.

Mwanvua binti Abedi

*

Kolwezi
17 Machi 1957

Yaya Mwanvua,

Ulisema kweli, haikuwa mvua.

Nyumba ya Tshibangu ni ya vyumba viwili, na nyumba ya vyumba viwili ni ya mtu mwenye mke. Ofisi ya kambi imemvumilia tangu mkewe afariki, sasa imempa mpaka tarehe 31 Mei. Akifika siku hiyo bila mke, atahamia kwenye vyumba vya wanaume walio peke yao, ambamo mtoto haruhusiwi. Binti yake Ntumba ana miaka sita. Atapelekwa Kasai kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Haya yote aliyasema Tata wakati wa kula, nami nilimhurumia mtoto yule kabla sijaelewa kwa nini naambiwa.

Tata amekubali mali yao ya mahari. Hakuwa mkali, Yaya, alikuwa na furaha, na hilo ndilo baya. Aliniambia, "Mutoto, shule umemaliza, na ulisoma muzuri. Sasa unatafuta kusoma nini tena?" Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nikatazama miguu yake.

Karatasi imo ndani ya sanduku. Niliona ncha yake alipotoa kitabu cha kazi.

Siku ya Pasaka atakuja Adolphine, dada mkubwa wa Tshibangu. Kwetu ndivyo inavyokuwa: dada wa mwanaume huja kumtazama msichana mchana, uso umeoshwa, kichwa wazi, halafu ndiyo siku ya arusi inatajwa. Mama ameniambia niutengeneze uso wangu. Majani uliyotuma yalitoa unga wa bati moja tu, na Mama Kanku na wenzake wamelimaliza. Tuma mengine hata kama ni machache. Na uniandikie nifanye nini. Wewe huwa unajua.

Kabedi

*

Mutshatsha
31 Machi 1957

Kabedi,

Mto umejaa. Maji yamefunika mnanaa wote, hakuna anayeweza kufika. Sina majani ya kutuma.

Mwambie baba yako unavyotaka. Mimi sina shauri jingine. Usinitumie maswali mengi.

Mwanvua

*

Kolwezi
14 Aprili 1957

Yaya Mwanvua,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, kwa kuwa ni fupi. Labda ulikuwa na haraka, au nilikuchosha kwa mambo yangu. Nisamehe. Sitauliza kitu, nitakuambia tu jambo moja jema.

Nimepata mnanaa hapa hapa. Unakikumbuka kile kilima kipara nyuma ya safu ya mwisho, ambacho miti imekikataa? Baada ya mvua kimejaa mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Nilisugua jani moja mkononi, likanukia. Si sawasawa na lile la mto, ni kali zaidi, lakini ni ndugu yake. Kiko ndani ya uzio wa kambi, kwa hiyo sikuomba ruhusa ya mtu. Nilipanda peke yangu na kikapu, upepo ukanipiga, na kutoka juu niliiona reli inayokwenda kwenu. Tangu niache shule, ni jambo la kwanza nililolifanya kwa akili yangu mwenyewe.

Nimeanika kivulini siku tano. Nimetwanga, nimechekecha. Unga ni wa kijani kizuri kuliko wa kwako. Nyuma ya mkono baridi haikuja, lakini nadhani ni kwa sababu mmea umekulia juani. Nusu nimempa Mama ndani ya kopo la maziwa, alifurahi sana.

Pasaka ni wiki ijayo. Niombee kwa namna ya kwenu, nami nitaomba kwa namna ya kwetu.

Kabedi

*

Kolwezi
24 Aprili 1957

Yaya Mwanvua,

Adolphine alikuja, akaondoka bila kula.

Tangu Ijumaa Kuu mashavu yangu yalikuwa yanawaka. Jumapili asubuhi yalikuwa na malengelenge madogo mpaka shingoni. Mama alinipaka mafuta ya mawese, ikawa vibaya zaidi. Adolphine alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango kama mtu anayechagua samaki. Akasema, "Hii haiko uso ya bibi-arusi. Hii iko maladi." Mama akamwambia si ugonjwa, ni joto tu. Adolphine akauliza kama kwetu Kasai kuna mtu aliyepata ukoma. Tata akasimama, akatoka nje.

Kule lupitalo ya kambi muuguzi alinipaka dawa ya buluu, akasema hajui ni nini. Hakuna siku ya arusi iliyotajwa. Watangoja nipone.

Usiwe na wasiwasi. Unga nimeuacha. Mimi ni mzima kabisa isipokuwa uso.

Kabedi

*

Kambini
2 Mei 1957

Kwa Kabedi, binti ya Tata Ngeleka,

Ninaandika kwa sababu mbele ya watu hunitazami, nami sijui kusema na mtu anayetazama viatu vyangu. Barua hii nimeikunja ndani ya kitambaa ambacho dada yangu anamletea mama yako ili ukishone. Yeye hasomi.

Kabla ya kuwa kapita nilifanya kazi miaka minne na wazungu wanaotafuta madini. Walitufundisha kufuata ua moja dogo la zambarau. Mahali linapoota peke yake na miti imekataa, chini yake kuna shaba. Tulilikata kwa mapanga, tukalilalia usiku kwa sababu linanukia. Wenzangu wengine waliamka na ngozi kama yako. Walipoacha kulilalia, walipona ndani ya wiki mbili.

Siku ya Pasaka nilimsindikiza dada yangu mpaka mlangoni kwenu. Vijiti vya ua hilo vilikuwa vimefagiliwa kando ya ngazi.

Sikumwambia baba yako, wala Adolphine. Kama ulikuwa hujui, sasa umejua, acha, na uso wako utapona. Kama ulikuwa unajua, basi uso wako ndio jibu lako, nami sitalilazimisha jibu jingine. Lakini nina mtoto, kwa hiyo nitangoja mpaka tarehe 31, siku yenyewe. Sina hasira nawe.

Tshibangu

*

Dilolo
5 Mei 1957

Kabedi mdogo wangu,

Barua zako mbili zilinifikia pamoja, jana, na zimefuata treni mpaka huku. Soma neno hili kwanza kabla ya mengine: ule si mnanaa. Baridi haikuja. Tupa wote, na wa mama yako pia, usibakize hata kidogo.

Sasa soma mengine, na ukitaka kunikasirikia, kaa chini kwanza.

Mto haukujaa. Au tuseme sijui kama ulijaa, kwa sababu tangu katikati ya Machi sikuuona. Siku nilipopokea barua yako ya kapita, mimi nilikuwa na siku nne ndani. Baba alikuwa amenitoa kwa Amadi, mwenye malori mawili hapa Dilolo. Shangazi Nuru alinifungia chumbani kama tunavyofanya kwa mwari, dirisha likazibwa kwa kanga, nikasuguliwa liwa na mnanaa asubuhi na jioni. Yaani majani yote ya mto ule yalikuwa yanakuja chumbani kwangu, na sikuweza kukutumia hata shada moja, kwa kuwa kila lililoingia lilipimwa kwa macho ya Shangazi. Barua ile fupi niliiandika akiwa amesimama mlangoni. Tulimaliza mfungo, Idi ikapita, nikaolewa siku ya tatu.

Ningeweza kukuandikia neno moja la kweli. Sikuandika kwa aibu. Mimi ndiye niliyekuapisha chini ya kamba ya nguo, na mimi ndiye niliyevunja kwanza, tena nikiwa naitwa Bibi Majani. Wewe uliniona huru kando ya mto, na nilipenda mtu mmoja duniani aendelee kuniona hivyo.

Amadi si mtu mbaya. Analala sana. Kutoka uani naona mabehewa yanayokwenda Angola, lakini siyaoni yanakoishia.

Tupa unga ule leo.

Mwanvua

*

Kolwezi
19 Mei 1957

Yaya Mwanvua,

Sikukasirika. Nililia kidogo juu ya lile dirisha lililozibwa, basi. Umeniambia uongo wako, nami nitakuambia wa kwangu, ambao ni mbaya zaidi.

Kabla ya Pasaka sikujua. Lakini Adolphine alipoondoka na Mama akaanza kulia, mimi nilikuwa naosha uso kwenye beseni, na chini ya maumivu nilisikia furaha. Kesho yake alfajiri nikapaka tena. Na kesho yake. Nilipaka kidogo kidogo ili isipone na isizidi. Tshibangu mwenyewe aliniandikia barua kuniambia ua lile ni la shaba. Aliandika vizuri, bila hasira, na aliponiachia mlango wazi namna ile niliona aibu kuliko kama angenitukana. Hata hivyo nikapaka. Nilikuwa nahesabu siku mpaka tarehe 31. Nyumba ikishachukuliwa, nilijiambia, hatanihitaji tena, na karatasi itatoka kwenye sanduku.

Barua yako ilifika tarehe 11. Uliandika nitupe wa Mama pia. Kopo lilikuwa chini ya kitanda chao. Kumwambia Mama alitupe ni kumwambia kila kitu, kwa maana yeye aliamini nina ugonjwa, hakuwa na sababu ya kuushuku unga. Kulimwaga kwa siri niliogopa angeuliza. Nikajiambia haupaki, sijawahi kumwona akiupaka. Nikanyamaza siku nne.

Kweli hakuupaka. Alikuwa anamwekea Kazadi. Mtoto alitokwa na vipele vya joto shingoni, na Mama akampaka unga mzuri wa dada yake baada ya kila kuoga.

Siku ya Jumatano alikuwa amevimba kwapani na shingoni, jicho moja halifunguki. Tulimkimbiza lupitalo. Muuguzi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akasema nyumba moja wawili, huu unaambukiza, mtoto atapelekwa kwenye nyumba ya kutengwa nje ya kambi, na mama yake asimfuate. Mama alimkumbatia Kazadi kwa nguvu hata mtoto akapiga kelele. Tata alikuwa ametoka kazini na kofia yake mkononi.

Unajua mimi siwezi kusema mbele ya watu. Nilisema. Nilisema, "Si maladi. Ni unga yangu, na nilijua."

Muuguzi alimwosha kwa maji na sabuni, akampaka mafuta meupe. Jicho limefunguka jana. Atapona. Mama hakunipiga. Amekuwa akipita karibu nami kama watu wanavyopita kwenye chungu kilichotoka motoni.

Tata aliuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia tarehe. Akafungua sanduku, akatoa karatasi ya Mama Godelive, nikafikiri ataichana. Hakuichana. Aliikunja kwa utaratibu, akaniwekea mkononi bila saini, akasema, "Wewe unajua kitu inachoma mutoto, na unanyamaza siku ine. Mi nikutume namna gani kwa batoto ya batu?"

Yaya, karatasi nimeiweka pamoja na barua zako.

Uso wangu utakuwa safi kabla ya mwisho wa mwezi. Adolphine amekwisha kuambiwa kwamba si ugonjwa, na siku ya arusi imetajwa.

Kabedi

*

Dilolo
26 Mei 1957

Mdogo wangu,

Siku nne zile, mbili ni zangu. Kama ningeandika neno la kweli mwezi wa tatu usingepanda kilima. Zibebe mbili tu, nyingine nimezichukua.

Mnanaa huu ni uliobaki wa chumbani kwangu. Nilikuwa nimeuficha ndani ya mto wa kulalia, sijui kwa nini. Ujaribu nyuma ya mkono.

Mwanvua

*

Kolwezi, kambi ya wafanyakazi, safu ya kumi na moja
2 Juni 1957

Yaya Mwanvua,

Angalia namba ya safu, utaelewa. Ni safu ya mwisho. Kutoka dirishani nakiona kilima chote. Maua yameanza kukauka, na wazungu wa madini, wale Tshibangu aliofanya kazi nao zamani, wamechomeka vigingi vitatu juu yake. Yeye anasema hakuwaambia, kwamba wao wenyewe wana macho. Namwamini.

Majani yako yalifika siku moja kabla ya arusi. Mama ndiye aliyetwanga. Hakuniruhusu kushika kinu. Aliupaka kwanza nyuma ya mkono wake, akangoja muda mrefu sana, ndipo akanipaka mimi. Baridi ilikuja. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kunigusa tangu siku ile ya lupitalo, kwa hiyo nilimgeuzia na shavu la pili ili asimalize upesi.

Ntumba analala katika chumba cha pili. Jana aliniuliza kama mimi ni mgeni. Nikamsuka nywele.

Tshibangu alikuwa amemwendea Mama Godelive bila kuniambia. Aliuliza kama mke wa mtu anaweza kupokelewa Elisabethville, na kama saini ya mume inafaa. Mama Godelive akamwambia inafaa, lakini shule haipokei mke wa mtu. Alinieleza haya akiwa amesimama, kofia mkononi kama Tata. Nilimtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi, nilikuwa sijaliona.

Jambo la mwisho, kisha nizime taa. Ijumaa, tarehe 31, tulikwenda ofisi ya kambi, mimi, yeye, Tata na Adolphine. Karani alifungua daftari kubwa la ndoa, akaligeuza upande wangu, akanipa kalamu. Nilimgeukia Tata, kwa kuwa nilidhani ni yeye anayetakiwa. Karani akacheka, akasema, "Hapana, mama. Hapa ni saini yako. Inatosha."

Ile karatasi ya shule ninayo bado, nimefungia mnanaa wako ndani yake. Nimetia saini yangu tena hapa chini, Yaya, ili wewe unayeujua mwandiko wangu uniambie kama ni mkono uleule.

Kabedi Ngeleka